Shimo Jeusi: Istilahi na Mafunzo ya Maji ya Rufiji

Yapo maneno ambayo huenea upesi kuliko maana zake. Mojawapo ni "shimo jeusi", istilahi iliyokwisha kuzoeleka magazetini na redioni. Wengi wanaoitamka hudhani kwamba angani mna shimo, na kwamba shimo hilo hunyonya kila kitu, cha karibu na cha mbali. Dhana zote mbili si sahihi, na lawama kwa sehemu ni ya neno lenyewe. Katika makala haya tunakusudia kueleza shimo jeusi ni kitu gani, vitu huendaje angani, na ni maneno gani ya Kiswahili yafaayo kulieleza jambo hili. Mifano yetu ya kwanza tutaichukua katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, kwa kuwa wakazi wa huko huiona nguvu inayohusika ikifanya kazi mbele ya macho yao kila siku.

Tuanze na mwendo. Mvuvi wa delta ajua kwamba akiacha kupiga kafi, mtumbwi hupunguza mwendo na hatimaye husimama, kwa sababu maji huukinza. Angani hakuna maji wala hewa ya kukinza. Kitu kilichokwisha kupata mwendo huendelea nao katika mstari ulionyoka, bila ya kusukumwa tena, mpaka kivutwe na kitu kingine. Mwezi, kwa mfano, huvutwa na Dunia wakati wote. Lakini kwa kuwa unakwenda kwa kando kiasi cha kilomita 1 kwa sekunde, mvuto huo hauuangushi juu yetu, bali huipinda njia yake tu, nao hubaki ukiizunguka Dunia.

Hapa pana jambo la lugha. Baadhi ya waandishi husema "mvuto", wengine "mvutano". Sisi tunaona "mvutano" ndilo neno lifaalo kwa nguvu hii, kwa sababu kiambishi cha kutendana kimebeba ukweli wa kisayansi: Dunia huuvuta Mwezi, na Mwezi huivuta Dunia. Ushahidi umo katika milango ya Rufiji. Maji ya bahari hupanda na kuingia mikokoni, kisha hupwa. Na kujaa kumoja hufuatwa na kwingine baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, Jua na Mwezi huvuta katika mstari mmoja, na hilo ndilo bamvua. Mwezi uwapo nusu, mivuto hiyo hukingamana, yakawa maji mafu.

Lakini sababu ya kujaa si ukubwa wa mvutano peke yake. Jua huivuta Dunia kwa nguvu zaidi ya mara 150 ya ile ya Mwezi, na hata hivyo Mwezi ndio unaotawala maji. Sababu ni tofauti: upande wa Dunia ulio karibu na Mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu chake, na kitovu huvutwa zaidi kuliko upande wa pili. Tofauti hiyo ndiyo inayoinua maji pande zote mbili. Kwa Mwezi ulio karibu, tofauti ni kubwa. Kwa Jua lililo mbali, ni ndogo. Msomaji alihifadhi jambo hili, maana tutalihitaji.

Sasa tulitazame shimo jeusi. Kitu kikitupwa juu hurudi chini. Ili kiondoke usoni pa Dunia kisirudi, sharti kianze na mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde. Lau Dunia nzima ingekamuliwa ikawa ndogo, pasipo kupungua tungamo lake, mwendo unaotakiwa ungeongezeka. Ikifikia udogo wa gololi, yaani nusu-kipenyo cha milimita 9 hivi, hata nuru, iendayo kilomita 300,000 kwa sekunde, isingeweza kuondoka. Hesabu za msingi wa jambo hili zilitolewa mwaka 1916 na Mjerumani Karl Schwarzschild, kwa kufuata nadharia ya Albert Einstein. Basi shimo jeusi si uwazi. Ni tungamo kubwa lililosongamana mahali padogo, nalo ni jeusi kwa kuwa nuru haitoki.

Wala halinyonyi. Lau pahali pa Jua pangekuwa na shimo jeusi lenye tungamo lile lile, Dunia ingepata giza na baridi, lakini ingeendelea kulizunguka kwa siku 365 kama sasa. Hatari iko karibu tu, na hapo ndipo tunaporudi kwenye maji ya Rufiji. Ile tofauti ya mvutano inayoinua bahari kwa mita chache mikokoni, karibu na shimo jeusi huwa kubwa mno hata nyota nzima yaweza kuvutika na kuraruka. Nguvu ni moja. Kilichobadilika ni kiasi.

Mtu atauliza: kitu kisichotoa nuru kilijulikanaje? Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana kutokana na chombo kilichorushwa katika pwani hii hii, kaskazini ya Rufiji. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei zitokazo angani. Ilikuwa siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, na setilaiti ikapewa jina Uhuru. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa Dunia hukipa chombo kielekeacho mashariki msaada wa kilomita 1,670 hivi kwa saa.

Mwaka 1971 vipimo vya Uhuru vilionyesha kwamba eksirei za Cygnus X-1 hubadilika kwa muda usiofika sekunde moja. Na kitu kibadilikacho upesi hivyo sharti kiwe kidogo. Kisha wanafalaki waliona nyota ikizunguka pamoja na kitu kisichoonekana kila siku 5.6. Kwa kupima mwendo wa nyota hiyo walikadiria tungamo la mwenzake. Makisio ya sasa ni kiasi cha Jua mara 21. Eksirei zenyewe hutoka katika gesi ya nyota hiyo, ambayo hulizunguka shimo jeusi na kupata joto kali kabla ya kutumbukia. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kutokana na hayo, tunapendekeza yafuatayo. "Shimo jeusi" libaki, kwa kuwa limekwisha kuenea, lakini kila kamusi ilifafanue kuwa ni tungamo, si uwazi. Vitenzi "kunyonya" na "kumeza" viepukwe. "Kuvuta", "kuzunguka" na "kuanguka" vyatosha. Mpaka ambao nuru haivuki kurudi tunaona uitwe "upeo wa kutorudi". Jahazi litokalo Nyamisati kwenda Mafia hupotea machoni likivuka upeo, kisha hurudi. Kivukacho upeo huu hakirudi. Na ile tofauti ya mvutano iitwe "nguvu ya kupwa na kujaa", ili kijana wa Kibiti, asomaye fizikia ya sekondari kwa Kiingereza, atambue kwamba anafundishwa jambo alilokwisha kuliona tangu utotoni.

Tunawaomba walimu, mabaharia na wavuvi wa delta waendelee kutukusanyia maneno ya maji, ya mikondo na ya nyota kabla hayajasahaulika. Lugha iliyokipa chombo jina haiwezi kushindwa kueleza kile ambacho chombo hicho kilisaidia kugundua.