Kijiji cha Chini ya Mlima Mtandi

Wasomaji wetu wa Nandagala, Ruangwa na Nachingwea waijua njia iendayo kusini mpaka Masasi, na wengi wameiona ile milima ya mawe matupu isimamayo peke yake katika nchi tambarare. Mmoja wao huitwa Mtandi. Chini yake kilijengwa kijiji ambacho yafaa watoto wetu wazijue habari zake, maana waliokianzisha hawakuwa na ukoo wala makaburi ya wazee wao mahali pale.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja. Watu waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza waliletwa Unguja, na wengine wakawekwa Mbweni, katika shamba la Misheni. Walikuwa wa makabila mbalimbali, na wengi walikuwa wametekwa bara, pande za Nyasa. Basi mwezi wa Oktoba 1876 Askofu Edward Steere akaondoka na watu zaidi ya 50, waume kwa wake, ili awarudishe bara. Wakapita Lindi, wakashika njia ya Ziwa. Walipofika Masasi wakaiona nchi yenye maji na udongo mwema, wakaona heri kukaa papo hapo. Wakafyeka mwitu, wakajenga nyumba, wakalima. Watu wasiojuana kwa asili wakawa majirani, na watoto wao wakawa ndugu. Mwaka uliofuata Padre Chauncy Maples akaja kuwalea.

Kisha ukaja mwaka wa msiba, 1882. Mwezi wa Agosti Askofu Steere alifariki Unguja. Na mwezi wa Septemba Magwangwara, yaani Wangoni wa pande za Songea, wakakishambulia kijiji. Wakachoma nyumba, wakaua watu, wakachukua mateka. Fikiri, msomaji, uchungu wa mtu aliyekwisha kuonja uhuru, naye afungwa tena kamba! Baadhi yao walikombolewa baadaye. Padre Maples alihamia Newala pamoja na wengine, lakini Masasi haikuachwa kabisa: watu walirudi, wakajenga upya.

Katika siku hizo hizo Mungu alikuwa akiwaandaa wachungaji kutoka miongoni mwa waliokombolewa. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, alifanya kazi Chitangali, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni ile.

Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, Misheni ya Masasi ilichomwa. Hata vituo vya Wabenediktini vya Lukuledi na Nyangao viliharibiwa. Mara nyingine tena watu wakajenga. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi, na Vincent Lucas akawa askofu wake wa kwanza. Ndiye aliyeitia desturi ya jando katika ulezi wa Kanisa, asiitupe. Leo Kanisa Kuu la dayosisi hiyo liko Mtandi.

Enyi wazazi na walimu, urithi wa kijiji si mlima tu. Ni wale waliorudi penye majivu wakasimamisha nguzo mpya. Hata vijijini mwenu wamo wazee wakumbukao nani alifyeka kwanza, na nani alirudi baada ya vita. Waulizeni wakingali hai, mkayaandike majibu yao, watoto wapate kuyasoma.