Maumivu ya misuli: Si mzigo tu, ni usingizi pia

MFANYABIASHARA anayetoka Nairobi kwenda Kampala kwa basi la usiku huamshwa mpakani, Busia au Malaba, akateremka kugongewa muhuri, kisha akarudi kitini. Asubuhi huingia sokoni mgongo ukiwa mzito, shingo imekaza na mapaja yanauma. Lawama zote huangukia mabegi aliyobeba.

Mzigo una sehemu yake. Lakini watafiti wamebaini kuwa usingizi mbovu nao huleta maumivu ya misuli, hata kwa mtu ambaye hakubeba kitu.

Mwaka 1975, Daktari Harvey Moldofsky na wenzake wa Toronto, Kanada, waliwalaza maabara vijana wenye afya njema. Kila walipozama katika usingizi mzito, walipigiwa sauti ya kuwatoa humo bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache vijana hao walilalamikia uchovu, na misuli yao ikawa inauma ikibonyezwa. Waliporuhusiwa kulala vizuri walipata nafuu.

Nchini Norway, wanawake 12,350 wasio na maumivu ya misuli walifuatiliwa kwa takribani miaka 10. Waliosumbuliwa na usingizi mara kwa mara walikuwa katika hatari zaidi ya mara tatu ya kupata faibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima.

Katika usingizi mzito, hasa saa za mwanzo za usiku, mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, ambayo husaidia kukarabati misuli. Usingizi ukikatwakatwa, ubongo nao hupungukiwa na uwezo wa kutuliza maumivu. Kilichouma kidogo jana, leo kinauma zaidi. Maumivu hayo humnyima mtu usingizi wa usiku unaofuata.

Hapo ndipo wengi hukimbilia diklofenaki na vinywaji vya kuongeza nguvu. Dawa hiyo ikimezwa kila safari bila ushauri wa daktari, yaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Kafeini iliyomo katika vinywaji hivyo hubaki mwilini muda mrefu, na hata ikinywewa muda wa saa sita kabla ya kulala hupunguza usingizi.

Mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi kwa usiku. Anayeweza, asafiri mchana. Aliyesafiri usiku, apumzike gesti kabla ya kuanza kubeba na kupanga bidhaa, na bei ya chumba aiweke kwenye hesabu ya safari pamoja na nauli na ushuru. Wengine hawalali kwa kuhofia fedha walizofunga kiunoni. Kuzituma kwa simu au benki kabla ya safari hupunguza hofu hiyo. Foleni ya mpakani nayo ni nafasi ya kunyoosha miguu.

Maumivu yanayodumu kwa wiki kadhaa, ganzi ya miguu au homa ni mambo ya kumwona daktari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari ndefu, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Bidhaa zikichelewa siku moja, bado zitauzwa. Mgongo ukigoma, hata safari ijayo haitakuwapo.