Nani aliua perege wangu?

Kipupwe kimeingia. Hapa Tabora, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai waendesha baiskeli hufunga koti mpaka shingoni. Wengi wetu tumechimba mabwawa ya samaki nyuma ya nyumba, na swali ninaloulizwa sana majira haya ni moja: je, baridi itaua perege?

Kwetu si rahisi. Perege hustawi maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hupunguza kula, yakikaribia 16 huacha kabisa, na kufa kwa baridi yenyewe ni mpaka yafike kama nyuzi 11 hivi. Bwawa la Tabora lenye kina cha mita moja halifiki huko. Tatizo ni huruma zetu.

Miaka michache iliyopita, bwawa langu hapa Cheyo lilikuwa na perege wengi na kambale wachache. Kipupwe kilipoingia niliona pumba zinaelea bila kuliwa. Nikadhani samaki wanadhoofika, nikaongeza. Pumba zikazama, zikaoza. Dalili sikuiona, maana maji ya baridi hushika hewa nyingi kuliko ya moto. Septemba jua likawaka, maji yakapungua kiasi cha goti zima. Alfajiri moja ya Oktoba nikakuta perege wameelea, matumbo juu.

Nilimshuku jirani. Tulikuwa na ugomvi wa mpaka, na mtu mmoja aliniambia amemwona karibu na bwawa akiwa na dawa ya kunyunyizia mboga. Nilikuwa njiani kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nilipokutana na mzee mmoja, bwana samaki mstaafu. Akaniuliza: wamekufa saa ngapi? Wakubwa au wadogo? Na kambale je?

Nikamjibu: alfajiri, wengi wao wakubwa, na kambale wote wazima.

"Bwana mdogo," akasema, "sumu haingoji alfajiri. Hao wamekosa hewa."

Akanieleza. Mchana, majani madogo sana yanayofanya maji yawe ya kijani hutoa oksijeni. Usiku nayo huivuta, samaki huivuta, na uozo wa chini huila pia. Kabla jua halijachomoza ndipo hewa huwa kidogo kabisa. Samaki wakubwa hutangulia kufa. Kambale hunusurika kwa sababu ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Kama ingekuwa sumu, kwa kawaida wadogo wangetangulia, na kambale asingesalimika kirahisi.

Wenzetu wa Ulaya hukumbwa na jambo hilohilo kwa njia nyingine. Bwawa lao huganda juu, lakini maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, hivyo hukaa chini na samaki huishi humo. Hatari ni majani yanayooza chini ya barafu, hewa mbaya ikakosa pa kutokea. Ndiyo maana huweka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu mpaka itoboke. Hawapigi nyundo, kwani mshindo huumiza samaki.

Basi, sasa hivi vua samaki wakubwa, kwa sababu perege huzaana mpaka wakasongamana. Lisha mchana jua likiwa limepasha maji, na chakula wanachokiacha usikirudie kesho. Tumbukiza mkono ulionyooshwa: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yana rutuba ya kutosha, acha samadi. Ukiwakuta alfajiri wanahema juu kwa midomo wazi, mimina maji mapya kutoka juu, kupitia chujio, yatawanyike. Ya bomba yasimiminwe moja kwa moja. Yana klorini, nayo huua samaki. Yaache kwenye pipa wazi, juani, siku mbili.

Hayo nimeyafuata tangu Oktoba ile, na vifo vya alfajiri sijaviona tena. Kwa mwenyekiti sikufika. Jirani yangu husikiliza kipindi hiki kila juma, na mpaka leo alikuwa hajui nilikuwa naelekea wapi asubuhi ile.