Baada ya Hukumu ya Baraza la Ardhi: Nakala Yako na Siku 45

Mgogoro wa shamba la kahawa au kiwanja cha ufukweni unaweza kusikilizwa kwa miezi mingi, kisha haki ikapotea kwa sababu ya karatasi ambayo mhusika hakwenda kuiomba. Makala haya yanaeleza jinsi uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unavyowafikia wadaawa.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila mwafaka, shauri hupelekwa Baraza la Wilaya. Tarehe ya hukumu hutajwa mbele ya wadaawa shauri linapoahirishwa. Asiyekuwepo hupelekewa wito. Mvuvi aliyehamia dago au aliyebadili namba ya simu hana budi kuliarifu Baraza, maana wito hufuata anwani iliyomo katika jalada.

Hukumu husomwa hadharani. Kanuni za mwaka 2003 zinaagiza iandikwe kwa lugha fupi na rahisi, nayo iwe na mambo manne: maelezo mafupi ya shauri, majibu ya hoja zilizobishaniwa, uamuzi, na sababu za uamuzi huo. Sababu ndizo za kusomwa kwa utulivu, kwani anayekata rufaa hubishana nazo. Pamoja na hukumu kuna tuzo, hati fupi inayotaja nani amepewa nini. Ombeni zote mbili.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Rufaa kwenda Mahakama Kuu, ambayo kwetu ipo Songea, hukatwa ndani ya siku 45 tangu tarehe ya hukumu, wala si tangu siku mtu alipoipata karatasi mkononi. Hata hivyo, Sheria ya Ukomo huziondoa katika hesabu siku ambazo mdaawa alikuwa akisubiri nakala alizoziomba. Tuchukue mfano: hukumu imesomwa tarehe 2 Juni, hivyo siku 45 zinaishia tarehe 17 Julai. Aliyeomba nakala kwa barua tarehe 5 Juni, zikawa tayari tarehe 25 Juni, huondolewa siku 20, na mwisho wake husogea hadi tarehe 6 Agosti. Aliyeomba kwa mdomo tu atathibitisha nini? Andika barua nakala mbili. Moja ibaki Baraza, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze. Na nakala zikishakuwa tayari, siku za kuchelewa kuzifuata ni zako mwenyewe. Kwa anayetoka Lituhi au Liuli safari ina gharama, lakini nauli hiyo ni ndogo kuliko shamba.

Aliyechelewa anaweza kuiomba Mahakama Kuu imwongezee muda, ila atatakiwa kutoa sababu za msingi na kueleza kila siku aliyochelewa. Kusema kwamba alikuwa katika msimu wa kuvuna kahawa hakutamsaidia sana.

Aliyeamuliwa bila kuwepo ana njia nyingine: ndani ya siku 30 huliomba Baraza lilelile litengue amri hiyo, akieleza kwa nini hakufika.

Jambo moja huwashangaza watu kila mara. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji. Aliyeshinda anaweza kuomba kukazia hukumu huku rufaa ikisubiri kusikilizwa, na aliyeshindwa akaondolewa shambani. Anayetaka utekelezaji usubiri lazima aombe zuio, tena kwa maombi ya pekee yenye sababu zake.

Mwananchi asiyemudu wakili aulize Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria walio karibu naye. Aende na hukumu, tuzo na ile barua yenye muhuri.