Maji ya Uti wa Mgongo na Uhai wa Mtoto

Kuanzia Vanga hadi Msambweni, wako wazazi wanaoiogopa sindano ya mgongo kuliko ugonjwa wenyewe. Husemwa kuwa humlemaza mtoto, na kwamba aliyetolewa maji hayo haponi. Hofu hii yafaa kujibiwa, kwani homa ya uti wa mgongo haingoji mashauri ya ukoo.

Ugonjwa huu hutokea bakteria wanapoushambulia utando unaofunika ubongo na ugwe wa mgongo. Mtoto hupata homa, hutapika, hukataa kunyonya, utosi wake hutuna, shingo hukakamaa, na pengine hushikwa na degedege. Wengine hudhani ni nyuni, wakatangulia kwa mganga. Hata hospitalini, malaria kali huweza kufanana nao. Kinachotenganisha ni maji yenyewe.

Maji ya mtu mzima wa afya hung'aa kama maji safi ya kunywa. Bakteria wakiingia, mara nyingi hufanana na maji yaliyooshewa mchele. Sukari hupungua, na protini huongezeka kwa sababu ukuta unaotenga damu na ubongo umeanza kuvuja. Kwa vipimo hivyo daktari huutambua ugonjwa, na hupata fununu ya uzito wake.

Wataalamu wanataka kujua zaidi: ni protini zipi hasa zinazotangulia kueleza nani yuko hatarini? Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, walichunguza maji ya watu wazima wenye homa hii iliyoletwa na bakteria wa nimonia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa waliofariki walikuwa na upungufu wa protini iitwayo komplimenti C3. Kazi yake ni kuwapaka bakteria alama ili chembe nyeupe za damu ziwatambue na kuwala. Hiki bado si kipimo cha kila siku wodini, lakini chatuonyesha ni habari ngapi zimo katika matone machache.

Ama kuhusu kulemaa: sindano hupita kati ya mifupa ya kiuno, chini ya pale ugwe wa mgongo unapokoma. Mgonjwa huweza kuumwa na kichwa au mgongo kwa siku chache. Daktari akiona dalili za shinikizo kubwa kichwani, huahirisha sindano na kuanza dawa kwanza. Wanaofariki baada ya kutolewa maji, aghalabu huuawa na ugonjwa uliokwisha kukomaa walipofikishwa hospitali. Na miongoni mwa wanaopona, wapo wanaobaki viziwi au wenye kifafa.

Kinga nayo ipo karibu. Kenya ilianza chanjo ya Hib mwaka 2001. Watafiti wa KEMRI huko Kilifi waliona ugonjwa mkali wa bakteria hao ukishuka, kwa watoto wa chini ya miaka 5, kutoka 66 hadi takriban 8 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Chanjo ya nimonia ikafuata mwaka 2011. Zote mbili hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Kuihifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia yetu, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Kwa hiyo, enyi wazazi, jambo hili lizungumzwe nyumbani kabla ya maradhi. Baba akiwa baharini na mtoto akazidiwa usiku, mama awe tayari ana idhini ya kumpeleka hospitali na kuridhia kipimo, pasi na kusubiri simu ya mtu yeyote. Nyanya na shangazi nao wamuunge mkono. Kisha tumuombe Mwenyezi Mungu, kwani shifaa ni Yake, nasi tumeamrishwa kuzishika sababu.