Mwaka ulio kitambulishoni ndio humpa au humnyima mkongwe pesa za Inua Jamii

WAPO wakongwe katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia wanaokosa pesa za Inua Jamii si kwa sababu hawajafikisha umri, bali kwa sababu vitambulisho vyao vinasema hawajaufikisha.

Mpango huo wa serikali hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa mzee wa miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni. Umri unaohesabiwa ni ule ulioandikwa kwenye kitambulisho cha taifa.

Kwa hivyo, anayetaka kumsaidia nyanya au babu yake anafaa kwanza kuutazama mwaka huo kabla ya kumpeleka kokote.

Makosa hayo yana historia. Kipande cha enzi za ukoloni kilikuwa cha wanaume. Wanawake walijumuishwa katika usajili baada ya Sheria ya Usajili wa Watu kufanyiwa marekebisho mnamo 1978.

Mama aliyezaliwa 1947, kwa mfano, alikuwa na umri wa miaka 31 wakati huo. Wengi wa rika lake hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha shule, na mwaka wao wa kuzaliwa ulikadiriwa tu.

Mwanamume wa Kibukusu ana njia ya kuuhakiki umri wake. Jamii hiyo hutahiri wavulana mwezi Agosti wa miaka inayogawika kwa mbili, na kila mmoja hulijua rika lake. Mwanamke hana hesabu hiyo, lakini anaweza kuipata kupitia kwa ndugu zake.

Tuseme kitambulisho cha nyanya kinaonyesha alizaliwa 1959, ilhali kaka anayemfuata kwa kuzaliwa alitahiriwa 1962 akiwa na miaka 14 hivi. Kaka huyo alizaliwa karibu 1948, na dada yake alimtangulia.

Nyanya huyo alikuwa amefikisha miaka 70 mpango huu ulipopanuliwa mwaka 2018 kuwafikia wazee wote wa umri huo. Kitambulisho chake kitamruhusu mwaka 2029. Kwa Sh24,000 kila mwaka, miaka hiyo 11 ni Sh264,000.

Matukio makubwa pia husaidia. Mkongwe anayekumbuka kwamba alikuwa akinyonya wakati polisi walipowapiga risasi wafuasi wa Dini ya Musambwa huko Malakisi, Februari 1948, ametoa ushahidi ambao wazee wenzake wanaweza kuuthibitisha.

Ushahidi huo hauna budi kuwekwa kwenye maandishi. Vitu vinavyofaa ni kadi ya ubatizo, vitambulisho vya ndugu na vya watoto wakubwa, barua ya chifu, hati ya kiapo, na cheti cha kukadiria umri kutoka hospitali ya serikali.

Vyote hupelekwa kwa afisa wa usajili wa watu. Maafisa huwa waangalifu kwa kuwa wapo watu ambao hujipunguzia umri ili wachelewe kustaafu. Kwa sababu hiyo, mwaka unaoombwa sharti ulingane katika karatasi zote.

Chifu wawili

Familia za eneo hili zina tatizo jingine. Wengi walihama kutoka Bungoma baada ya uhuru wakanunua mashamba Trans Nzoia. Mkongwe anaishi Kiminini au Kwanza, lakini wanaojua kuzaliwa kwake wako Kimilili au Webuye.

Waliofurushwa na vita vya Mlima Elgon vya 2006 hadi 2008, au na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, huenda walipoteza hata karatasi chache walizokuwa nazo.

Katika hali hiyo, jamaa aende kwanza alikozaliwa mkongwe, azungumze na liguru, yaani mzee wa kijiji, kisha apate barua ya chifu wa huko. Barua hiyo ndiyo atakayoiwasilisha kwa chifu wa mahali mkongwe anapoishi.

Usajili wa Inua Jamii nao hufanyika anakoishi, kupitia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii. Haufunguliwi kila siku. Hufanywa kwa awamu. Anayesubiri itangazwe awamu ndipo aanze kurekebisha kitambulisho huenda akachelewa.

Mkongwe asiyeweza kutembea huruhusiwa kuwa na mlezi anayempokelea pesa. Mlezi huyo pia lazima awe na kitambulisho, na familia ikubaliane mapema atakuwa nani. Hilo ni muhimu hasa kwa waliolima maisha yao yote, kwani alama za vidole vyao huwa zimefifia na mashine hukataa kuzisoma.

Kitambulisho si hisani ya ofisa. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya stakabadhi za usajili, nacho cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Anayedai kulipwa kichinichini ili jina liingizwe hastahili kupewa chochote.

Jambo lisiloweza kungoja ni mashahidi. Kaka, dada na majirani wa rika moja na mkongwe nao wamezeeka. Ni heri kuandika maelezo yao mwezi huu, wangali wanakumbuka, kuliko kuyatafuta baada ya mazishi.