Deni linalokua haraka kuliko mtoto: hesabu ngumu za familia changa Kasongo na Kabambare

Kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwezi wa 10 ni mwezi wa mkono mtupu. Mvua imeanza, mpunga uko ardhini, shule zimefunguliwa tangu Septemba, na mavuno bado yako mbali, Januari au Februari. Ni miezi hiyohiyo mbu huongezeka na homa huingia nyumbani. Wazazi wenye mtoto wa mwaka mmoja na mwingine wa miaka mitatu hawawezi kuiambia malaria isubiri mpunga ukomae.

Hapo ndipo deni linapoingia. Mara nyingi si deni la anasa wala la biashara kubwa. Ni pesa ya kituo cha afya, ya mbegu, ya daftari na sare ya bluu na nyeupe. Kiasi chenyewe huwa kidogo. Kinachoiumiza familia ni kwamba pesa huingia mara moja au mbili kwa mwaka, ilhali mtoto anakula kila siku, na anayeziba pengo hilo ndiye anayepanga bei.

Kwa Wakongo wengi bei hiyo ina jina: Lambert. Jina linafanana na la benki ya zamani ya Ubelgiji, Banque Lambert, iliyoungana na Banque de Bruxelles mwaka 1975. Lambert wa mtaani hana dirisha wala bango. Ni mfanyabiashara mwenye butike, mtumishi wa serikali mwenye akiba kidogo, pengine jirani. Riba yake huhesabiwa kwa mwezi, si kwa mwaka, na asilimia 30 kwa mwezi haimshangazi mtu. Wapo wanaodai 50. Dhamana inaweza kuwa simu, baiskeli, mabati, au kadi ya mshahara ya mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa.

Fanya hesabu ya franka 50,000 kwa riba ya asilimia 30. Mwisho wa mwezi wa kwanza deni ni 65,000. Ikiwa hakuna kilicholipwa na riba ikaongezwa juu ya riba, mwezi wa tatu deni linakaribia 110,000, na mwezi wa sita limepita 241,000. Mkopeshaji mwenye huruma hukubali kupokea riba peke yake, 15,000 kila mwezi. Baada ya miezi sita familia imetoa 90,000 na bado inadaiwa 50,000 zilezile. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Kwa deni la namna hii mtu anaweza kulipa mwaka mzima asipone.

Dola nayo huongeza mzigo. Mikopo mingi Kongo huandikwa kwa dola, wakati anayeuza sombe, mafuta ya mawese au karanga hupokea franka. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Kufikia 2024 ilikuwa imepita 2,700. Aliyekopa dola 100 mwanzoni akalipa mwishoni alihitaji franka 70,000 zaidi, hata kama mkopeshaji wake hakudai riba yoyote.

Vijana wengi huanza ndoa wakiwa tayari wanadaiwa. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 inataka mahari itolewe ili ndoa ikamilike, ingawa inakubali kwamba inaweza kuwa ya alama tu. Mila haina haraka ya kuridhika na alama. Mahari hulipwa kwa mafungu, na fungu la mwisho mara nyingi hufika mtoto akiwa anatembea. Deni la wakwe lina nafuu moja: halina riba. Lakini lina heshima ndani yake, na kijana aliyebanwa humlipa mkwe kwa kukopa kwa Lambert.

Mkopo mwingine hauitwi mkopo. Mnunuzi hufika kijijini Novemba, hutoa pesa taslimu, na mpunga ulio shambani unahesabiwa kuwa wake. Bei anayotoa huwa chini hata ya bei ya wakati wa mavuno, ambayo nayo ndiyo ya chini kuliko zote mwakani. Miezi michache baadaye familia iliyolima mpunga huo hununua mchele sokoni kwa bei ya juu. Njia mbovu zinampa mnunuzi nguvu zaidi. Reli ya Kindu kwenda Kongolo hupita ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba, na Kasongo iko mashariki. Mizigo mingi huondoka juu ya baiskeli zinazosukumwa kwa siku kadhaa hadi Kindu. Asiye na baiskeli wala siku hizo humuuzia aliyesimama mlangoni.

Kasongo ni moja ya vituo vikongwe vya Uislamu nchini Kongo, na Waislamu wake wanajua kwamba riba imeharamishwa. Fikihi inaruhusu kununua mavuno kwa kulipa mapema, kwa mkataba wa salam, lakini kwa masharti: kiasi kijulikane, ubora uelezwe, tarehe iwekwe, na mauzo yasifungwe kwenye shamba moja ambalo mazao yake yanaweza kuharibika. Ununuzi wa haraka wa Novemba, ambapo shamba hukadiriwa kwa macho na hatari yote hubaki kwa mkulima, hautimizi mengi ya hayo.

Ukielekea mashariki, wilayani Kabambare, deni hubadilika sura kwa sababu ya dhahabu. Salamabila na Namoya huvuta vijana kutoka Kasongo na mbali zaidi, wengi wao wakiwa wameacha mke na watoto nyumbani. Machimboni hakuna mshahara. Mwenye shimo, anayeitwa PDG kana kwamba anaongoza kampuni, hutafuta pesa za mbao, pampu na chakula, na mara nyingi huzipata kwa mnunuzi wa dhahabu. Wachimbaji hula kwa mkopo hadi mwamba wenye dhahabu ufikiwe, jambo linaloweza kuchukua wiki au miezi. Kila sahani na kila sigara huandikwa kwenye kaye ya mwenye butike. Siku ya kugawana, gharama hutolewa kwanza, kisha sehemu ya mwenye shimo, kisha kaye hufunguliwa. Kinachobaki ndicho baba anachotuma nyumbani kwa simu, na kuna miezi ambayo hakibaki kitu.

Anayemfadhili mwenye shimo pia hakopeshi bure. Sharti lake ni kwamba dhahabu yote ipitie kwake, kwa mizani yake na kwa makadirio yake ya usafi. Mchimbaji anayejua bei nzuri iko kwa mnunuzi wa pili hawezi kumwendea. Mnunuzi wa Salamabila naye mara nyingi hufanya kazi kwa pesa ya mkubwa wake wa mjini. Ni mnyororo wa madeni ambao kila pingu yake humkaba aliye chini.

Wakazi wa huku wana historia ndefu na mnyororo wa aina hiyo. Katika karne ya 19 Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, na Kabambare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika. Tippu Tip mwenyewe alikuwa mdaiwa: misafara yake iligharimiwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Zanzibar, aliyejulikana zaidi kati yao akiwa Taria Topan. Pembe za ndovu zililipa deni la Zanzibar. Waliozibeba, wengi wakiwa watumwa, ndio walioulipia mnyororo mzima.

Dhahabu ya Namoya imetoa mfano mwingine, wa karibu zaidi. Banro, kampuni ya Canada, ilianza uzalishaji wa kibiashara Namoya Januari 2016. Desemba 2017, ikiwa imeelemewa na madeni, iliomba ulinzi wa mahakama ya Ontario dhidi ya wadai wake, na mwaka 2018 madeni yalipangwa upya. Mwaka 2019 mashambulizi ya watu wenye silaha yaliilazimisha kusimamisha kazi Namoya. Kwa familia zilizotegemea mishahara na biashara ndogondogo kuzunguka mgodi, mapato yalikatika, lakini kaye za butike ziliendelea kuwepo. Kampuni ilipewa hakimu, muda wa kupumua na meza ya mazungumzo. Kijana wa Salamabila anayedaiwa dola 80 hakuna mahakama inayomwita mezani. Anachokiona kwanza ni karatasi ya kuitwa polisi.

Karatasi hiyo haina msingi inapohusu deni tupu. Kongo, ikiitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Lakini wadai hulipa deni jina jingine, utapeli au kuvunja uaminifu, na mdaiwa hujikuta akilipa faini bila risiti ili arudi nyumbani. Pesa hiyo haipunguzi deni. Mara nyingi ilikuwa pesa ya unga wa mtoto.

Mke aliyebaki Kasongo ndiye anayekutana na wadai ana kwa ana. Kwa miaka karibu 30 sheria ya familia ilimtaka apate ruhusa ya mume kabla ya kusaini mkataba wowote, ukiwemo wa mkopo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Leo anaweza kukopa, kufungua akaunti na kushitaki kwa jina lake. Mabadiliko hayo hayajafika kila nyumba: bado kuna mkopeshaji anayeuliza kwanza, "Baba wa watoto anasemaje?" Wakati huohuo mume akiwa machimboni bila mtandao, ni mama anayeamua kama franka za mwisho ziende kwa Lambert au kwa dawa.

Mzigo mmoja umepungua. Tangu Septemba 2019 serikali imetekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, kama katiba ya 2006 ilivyoahidi katika kifungu cha 43. Kabla ya hapo wazazi ndio waliokuwa wakichangia malipo ya walimu kila mwezi. Lakini shule ya watoto wadogo bado inalipiwa, sekondari pia, na sare na madaftari havijawahi kuwa bure. Huduma za afya ndizo zinazovunja nyumba kwa ghafla. Upasuaji mmoja wa uzazi unaweza kula mavuno ya mwaka, na katika hospitali nyingi nchini mama aliyejifungua amezoea kubakizwa wodini hadi bili ilipwe.

Kuhusu bili hizo, Kongo ina mfano wake wa zamani unaostahili kuangaliwa tena. Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, ilianzisha mwaka 1986 bima ya hospitali ambayo familia zililipia mara moja kwa mwaka, katika kipindi ambacho wakulima walikuwa wameuza mazao yao. Mchango ulikuwa mdogo. Uzuri wake ulikuwa kwamba ulidaiwa wakati pesa ipo mfukoni.

Njia inayofikika zaidi kwa wazazi wadogo ni ya vikundi. Likelemba, ambayo Tanzania huitwa upatu na Kenya chama, humpa kila mwanachama zamu ya kupokea michango yote. Husaidia kununua mabati au mbuzi, lakini homa ya mtoto haingoji zamu. Ndiyo maana mashariki ya Kongo yameenea pia makundi ya AVEC, yanayofuata mtindo ambao shirika la CARE lilianzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991. Watu 15 hadi 25 wanaojuana hukutana kila wiki, hununua hisa za bei ndogo, na pesa hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Riba hupangwa na kundi lenyewe, kwa kawaida asilimia 5 au 10 kwa mwezi, na lipo kasha dogo la pembeni la msaada wa ugonjwa na msiba lisilo na riba.

Zile franka 50,000 zikikopwa kwa asilimia 5, baada ya miezi mitatu hurudishwa 57,500, na zile 7,500 hugawanywa kwa wanachama, mkopaji akiwemo. Makundi ya Waislamu yanaweza kuiondoa riba na kuweka mchango maalumu mahali pake. Yapo pia yanayovunjika: mwenyekiti anayejikopesha kwanza, wanaume wanaowatuma wake zao kukopa kisha wakaondoka na pesa kwenda machimboni, au vita vinavyolitawanya kundi kabla ya mgao. Wilayani Kabambare hilo la mwisho si jambo la kufikirika.

Kwa familia ambayo tayari iko mikononi mwa Lambert, AVEC hutumika pia kama mlango wa kutokea: kukopa kwa asilimia 5 ili kumaliza deni la asilimia 30, kwa sharti kwamba Lambert aandike mbele ya shahidi kuwa amelipwa yote, kisha karatasi yake ichanwe. Wanaofaulu ni wale wanaojizuia kurudi kwake mwezi unaofuata, na hilo hutegemea sana tarehe ambayo sanduku hufunguliwa. Makundi mengi hugawana Desemba, pesa ikaishia kwenye nguo na sikukuu. Kundi la wakulima wa Kasongo linaloanza mzunguko wake baada ya mavuno na kugawana mwisho wa Agosti huwapa wanachama pesa wiki chache kabla ya shule kufunguliwa na mbegu kuhitajika, kabla mnunuzi wa Novemba hajafika.